Hutubu Huzaa Hotuba, "Decide" Huzaa "Decision"

Hotuba kwa waongozaji wa mlima, wapishi na wahudumu wa hoteli, Moshi, msimu wa masika

Ndugu mwenyekiti wa kikao, ndugu waongozaji, wapishi, akina dada wa mapokezi, na ninyi wapagazi mlioacha mashamba mvua ikinyesha mkaja kukaa darasani: wakubwa shikamooni, na wengine habari za asubuhi.

Kazi niliyopewa ni jambo moja tu la sarufi ya Kiingereza, namna nomino zinavyozaliwa kutoka kwenye vitenzi na vivumishi. Nianze na neno lililotukutanisha. Hiki ninachokifanya mnakiita hotuba, na kitenzi chake ni hutubu. Sasa niambieni, ni kanuni gani ya Kiswahili iliyogeuza hutubu ikawa hotuba? Cheza hutoa mchezo. Imba hutoa wimbo. Soma hutoa somo. Kwa mwendo huo hutubu ingetupa kitu kama mhutubo, na hakuna aliyewahi kusikia mhutubo, si Moshi wala Unguja. Hutubu na hotuba zimekuja pamoja kutoka Kiarabu, sawa na amini na imani, subiri na subira, safiri na safari, tubu na toba. Kitenzi kimeazimwa, na nomino yake imekuja nayo mkononi. Mtoto wa Kitanzania hafundishwi kanuni ya hayo. Anayapokea jozi jozi.

Kiingereza kiko hivyo hivyo, ila chenyewe kimeazima kupita kiasi. Mwaka 1066 William wa Normandy alivuka bahari kutoka Ufaransa akaishinda Uingereza, na kwa karne kadhaa baada ya hapo wakubwa wa nchi ile, mahakama zao na meza zao vilizungumza Kifaransa. Baadaye wasomi wakachota tena moja kwa moja kutoka Kilatini. Ndiyo maana leo Kiingereza kina koo mbili za maneno chini ya paa moja, na kila ukoo una viambishi vyake. Ukoo wa wenyeji una "-er", "-ing", "-ness", "-th", "-dom". Ukoo wa wageni una "-tion", "-ment", "-ance", "-al", "-ity" na ndugu zao. Anayeandika "arrivement" au "decidement" hajakosea kwa uvivu. Ametafuta kanuni moja mahali penye koo mbili, na hata ndani ya ukoo mmoja kila mtoto ana jina lake.

Utautambuaje ukoo? Kwa makadirio tu, lakini makadirio yanayosaidia: neno fupi la silabi moja, la nyumbani na shambani, kama "walk", "sleep", "dark", "kind", mara nyingi ni mwenyeji. Neno refu lenye kichwa cha "re-", "de-", "con-", "pro-", "per-", "ex-" mara nyingi ni mgeni wa Kilatini. "Dark" itachukua "-ness" bila ubishi. "Describe" itadai kitu kizito zaidi.

Tofauti nyingine na Kiswahili muione mapema. Sisi tunavalisha neno mbele na nyuma: pika hupata m- mbele na -i nyuma, linakuwa mpishi. Kiingereza kwa kazi hii huvalisha nyuma tu. Ukisoma sentensi ya Kiingereza, jicho lako liende kwenye mkia wa neno, hapo ndipo cheo chake kilipoandikwa.

Tuanze na mtenda, maana hapo ndipo wapishi wetu wanapoumia. Kiambishi cha kawaida ni "-er": "drive" hutoa "driver", "climb" hutoa "climber", "lead" hutoa "leader". Basi mpishi mzuri kabisa, mwenye miaka yake mlimani, anaandika kwenye barua ya kuomba kazi: "I am a good cooker." Mwenye kampuni anasoma kwamba ameandikiwa na jiko la gesi. "Cooker" ni jiko. Mpishi ni "cook", neno lile lile la kitenzi, halivai chochote. Sababu ni kwamba "-er" ya Kiingereza inabeba mtu na pia inabeba kifaa. Kiswahili kinawatenga kwa mlango wa mbele: m- ni mtu, ki- ni chombo, ndiyo maana mchujaji hawezi kudhaniwa kuwa kichujio. Kiingereza hakina mlango huo. "Heater", "opener" na "cooker" ni vifaa. "Porter", "climber" na "driver" ni watu. "Printer" yaweza kuwa mashine au mchapaji, unaamua kwa maneno yaliyo jirani.

Na kama "cook" ilivyo, ndivyo zilivyo "guide" na "guard". Mwongozaji ni "guide". Hakuna "guider" kwenye kazi yetu hii, hata ikiandikwa kwa wino wa dhahabu kwenye kadi. Kwa "steal" wenzetu hawakuunda kitu, walikuwa tayari na "thief".

Halafu kuna "-or". Hapa niwatetee kidogo wanafunzi wa Kiswahili. Gereji tunasema dereva, jenereta, indiketa, kabureta. Kwenye daladala tunasema kondakta, au konda kwa kifupi. Kiswahili kimezipokea zote kwa -a mwishoni, kwa hiyo sikio letu halikuambii kwamba "driver" ina e na "generator" ina o. Wala Mwingereza hakusaidii, kwani naye anazitamka "-er" na "-or" sawasawa. Inabaki kuangalia kitenzi. Kikiishia na "-ate", karibu siku zote ni "-or": "operate, operator", "translate, translator". Kikiishia na "-ct", vilevile: "inspector", "instructor", "collector", na huyo "conductor" wetu. Nje ya hapo yako machache ya kukariri, na kwa kazi yenu muhimu ni "visitor", "supervisor" na "survivor".

Kiambishi cha tatu cha watu ni "-ee", na hiki Mswahili anakielewa haraka kuliko Mfaransa, kwa sababu ni kauli yetu ya kutendwa. Mwajiri ni "employer", mwajiriwa ni "employee". Anayefundisha ni "trainer", anayefundishwa ni "trainee". Kwenye hundi, anayelipwa ni "payee", na tafadhali msichanganye na PAYE ile ya TRA, ile ni kodi ya mshahara na haihusiani na sarufi. Mkazo wa sauti hukaa kwenye mkia wenyewe: "traiNEE". Wapo wakaidi wawili watatu, kwa mfano "escapee" ambaye ametoroka kwa miguu yake mwenyewe. Na "-ant" pamoja na "-ent" nazitaja kwa haraka: "assistant", "applicant", "participant", "attendant", "student", "resident". Hazina kanuni ya kutegemewa; jifunzeni neno zima.

Sasa tendo lenyewe. Hapa nitakaa kidogo.

Kiswahili kinasema stesheni, operesheni, promosheni, kamisheni. Sauti ni moja, -sheni. Kwa Kiingereza sauti hiyo ina tahajia tatu za kawaida, "-tion", "-sion" na "-ssion", na anayeandika kwa kusikiliza atapotea tu. Dawa ni kutazama kitenzi kinaishia na nini, maana vitenzi vya Kilatini vinabadilika kwa makundi, na ukijua mmoja wa kundi umejua wote.

Vinavyoishia "-ate" hudondosha e na kuchukua "-ion": "donate, donation", "migrate, migration", kama wale nyumbu wa Serengeti. Vinavyoishia "-ify" huwa "-ification": "identify, identification". "Satisfy", inayoishia "-fy" bila i kabla yake, ndiyo mtundu, inatoa "satisfaction". Vyenye "-ize" au "-ise" huwa "-ization" au "-isation", zote mbili sahihi mradi usichanganye katika ukurasa mmoja. Ndiyo "acclimatization" hiyo mnayoihubiri kila siku ya pili ya safari. Vyenye "-mit" huwa "-mission": "permit, permission", "submit, submission", "admit, admission". Vyenye "-ceive" huwa "-ception", kwa hiyo akina dada wa "reception" wametoka kwa "receive". Vyenye "-scribe" huwa "-scription". Vyenye "-duce" huwa "-duction". Na vile vyenye d mwishoni, "decide", "divide", "collide", "extend", kwa kawaida hugeuza d kuwa s: "decision", "division", "collision", "extension".

Mtu akilalamika kwamba d kugeuka s ni uchawi wa Wazungu, mkumbusheni linda na mlinzi, penda na mpenzi. Mkumbusheni fuata na mfuasi, ambako t yetu imelainika kuwa s kama t ya "permit". Sababu za Kilatini ni zake na za Kibantu ni zake, lakini sikio la Mswahili limeshazoea konsonanti kulainika nomino inapozaliwa. Tusijifanye wageni wa jambo hili.

Yapo matatu yanayoharibika kila mara, hata kwa walimu, na yote kosa lake ni irabu ya kitenzi kung'ang'ania ndani ya nomino. "Pronounce" ina o kabla ya u, "pronunciation" haina. "Explain" ina i katikati, "explanation" haina. "Maintain" inakuwa "maintenance", si "maintainance". Yaandikeni kwa mkono mara kumi kila moja. Nadharia haitasaidia hapo, mkono utasaidia.

"-ment" na "-al" zinagombana zenyewe kwa zenyewe na sina sababu nzuri ya kuwapa. "Improve" hutoa "improvement" lakini "approve" hutoa "approval". "Move" hutoa "movement", "remove" hutoa "removal", na "prove" imekataa zote mbili ikachukua "proof". Kwenye kazi yenu mtahitaji "payment", "treatment", "agreement", "equipment" upande mmoja, na "arrival", "refusal", "approval" upande wa pili. Angalieni tu tahajia: e ya mwisho hudondoka mbele ya "-al" kwa sababu a ni irabu, na hubaki mbele ya "-ment" kwa sababu m ni konsonanti. "Argument" imevunja sheria hiyo, imeiacha e ya "argue" njiani.

Kuna vitenzi ambavyo havivai kitu kabisa. "Climb", "walk", "rest", "visit", "delay", "request", "cough": weka "a" au "the" mbele, tayari nomino. Humo ndani kuna kundi ambalo tofauti yake haionekani kwenye karatasi, inasikika mdomoni. Kibali cha kuingia hifadhini ni "PERmit", mkazo mwanzoni. Kuruhusu ni "perMIT", mkazo mwishoni. Vivyo hivyo "REcord" na "reCORD", "REfund" na "reFUND", "INcrease" na "inCREASE". Mswahili amezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho kwa kila neno, kwa hiyo katika maneno haya ya silabi mbili tunatamka nomino vizuri bila kujua na kitenzi tunakiharibu. Tena lipo kundi la z na s, v na f. "Advise" yenye z ya sauti ni kitenzi, "advice" yenye s ni nomino. Barua pepe zinazoishia "kindly advice" ni nyingi mno mjini hapa. Hiyo ni "kindly advise". "Believe" na "belief" ni mwendo huo huo. "Breathe" na "breath" pia, na kwa mtu wa mlimani hilo la mwisho si la kukosea.

Tugeukie vivumishi. Kiswahili hapa kina raha: u- moja inatosha. Zuri, uzuri. Safi, usafi. Gumu, ugumu. Kinachokaribia u- hiyo katika Kiingereza ni "-ness", na ukikwama kabisa, kimbilia huko. "Kindness", "weakness", "tiredness", "sickness". Kikiishia na y iliyotanguliwa na konsonanti, y inakuwa i: "happy, happiness", "dizzy, dizziness". "Shy" na "dry" za silabi moja hubaki na y zao, "shyness", "dryness". Uzuri mwingine wa "-ness" ni kwamba haisogezi mkazo. Palipokazwa kwenye kivumishi ndipo panapokazwa kwenye nomino.

"-ity" ndiyo yenye fujo. Ni ya ukoo wa Kilatini, inapenda vivumishi vya "-able", "-ible", "-al", "-ive", na inavuta mkazo kuuweka kwenye silabi iliyo mbele yake tu. "Possible" imekazwa mwanzoni, "possiBIlity" imekazwa kwenye "bi". Sisi kwa mazoea tunakaza "possibiLIty", na mgeni anakunja uso kidogo. "-tion" hatuikosei, kwa kuwa mkazo wake unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, nyumbani kwetu kabisa: "eduCAtion", "inforMAtion". Kwa "-ity" rudini silabi moja nyuma zaidi. Na "-ous" ikikutana na "-ity" hupoteza u: "generous, generosity", "curious, curiosity".

Vivumishi vyenye "-ent" na "-ant" hubadilisha t tu, wengine kuwa "-ce", wengine kuwa "-cy". "Different, difference", "patient, patience", "important, importance". Kisha "urgent, urgency", "fluent, fluency", "pregnant, pregnancy". Kosa la kawaida ni kumvalisha mtu nguo mbili, "importantness". Halafu wapo waliozaliwa kinyume: "dangerous", "hungry", "thirsty", "angry". Hapa nomino ndiye mama na kivumishi ndiye mtoto, kwa hiyo unavua badala ya kuvalisha: "danger", "hunger", "thirst", "anger".

Urefu sasa. Hili ni neno la Kiswahili linalowapa waongozaji shida kuliko yote. Sisi tunasema urefu wa mlima na urefu wa njia, neno moja. Kiingereza kinatenganisha kusimama na kulala. Mlima umesimama: "high" hutoa "height", na "the height of Kilimanjaro is 5,895 metres". Njia imelala: "long" hutoa "length", "the length of the Marangu route". Shimo limezama, sisi tunasema kina: "deep" hutoa "depth", na kreta ya Ngorongoro ina "a depth of about 600 metres". Upana ni "wide, width". Hizi ni nomino za wenyeji, nyingi za zamani sana, na irabu zimebadilika ndani: o ya "long" na "strong" imekuwa e katika "length" na "strength". "Height" haina "th" mwishoni ingawa watu wengi wanaiongeza kwa kuiga ndugu zake. Wala msiseme "the long of the mountain". Huko ni kukosea mara mbili kwa neno moja.

Nomino ikishapatikana kazi haijaisha, kwa sababu nomino huishi tofauti na kitenzi kilichoizaa. Wengi tunasema "discuss about". Kosa hilo limetoka kwa nomino: "a discussion about the route" ni sahihi, kwa kuwa nomino inahitaji kihusishi cha kuishika na kitu chake. Kitenzi kinashika chenyewe: "discuss the route". Pimeni na hizi: "visit the park" lakini "a visit to the park", "request a refund" lakini "a request for a refund", "answer the question" lakini "the answer to the question", "lack oxygen" lakini "a lack of oxygen". Kila unapoandika nomino kwenye daftari, andika na kihusishi chake pembeni. Nomino bila kihusishi ni mzigo usio na kamba.

Na lipo jambo ambalo Kiswahili kinalieleza vizuri kuliko vitabu vingi. Sikilizeni: kupanda mlima, na upandaji wa mlima. Ya kwanza haina "wa", ya pili inayo. Kupanda bado ina damu ya kitenzi, inakamata mlima moja kwa moja. Upandaji imekuwa nomino kamili, inahitaji "wa". Kiingereza kinakwenda sambamba: "climbing the mountain" ni kupanda mlima, bila "of", "the ascent of the mountain" ni upandaji wa mlima, na "of" yake. Kwa hiyo baada ya "after", "before", "without" na "for" mna njia mbili halali. "After arriving at the gate", au "after arrival at the gate". Njia ya tatu, "after arrive", haipo.

La mwisho kabla ya zoezi ni wingi. Nomino za "equip", "accommodate", "inform", "advise" na "train" hazihesabiki: "equipment", "accommodation", "information", "advice", "training", bila s na bila "an" mbele. Ukitaka kuhesabu vifaa sema "pieces of equipment". Mmarekani ataandika "accommodations" kwenye barua yake na hajakosea, hicho ni Kiingereza cha kwao. Mjibuni kwa Kiingereza mlichokichagua, msirukeruke.

Angalieni sasa ubaoni. Hii ni ripoti ya mlimani (Barafu na Mweka ni vituo vya Kilimanjaro) iliyotungwa kwa ajili ya leo, lakini kila kosa lililomo linapatikana kwenye fomu za kweli:

"After arrive Barafu the client complain of dizzy and lost of appetite. We make a decide to descent. The decent started 23:40. No improve until Mweka."

Nane za makosa yake ni za nomino au zinagusa nomino. Matumizi ya wakati tuyaache. "After arrive Barafu" tumeshaiponya: "on arrival at Barafu", na "at" haikwepeki. "Dizzy" ni kivumishi, baada ya "of" panahitajika nomino, "dizziness". "Lost" ni kitenzi kilichopita. Nomino ya "lose" ni "loss", kwa hiyo "loss of appetite". "Make a decide" ni "made a decision". Baada ya "to" hapo panatakiwa kitenzi, ambacho ni "descend" yenye d mwishoni. "Descent" yenye t ndiyo nomino. Hilo ndilo lililomchanganya mwandishi, akaitumia nomino palipotaka kitenzi, kisha palipotaka nomino akaandika "decent", neno lingine kabisa lenye maana ya -enye staha. Herufi s moja imeanguka, na mteremko wa usiku ukawa mteremko wenye adabu. "Improve" inahitaji mkia, "improvement". Ikisafishwa inasomeka hivi:

"On arrival at Barafu the client complained of dizziness and loss of appetite. We made a decision to descend. The descent started at 23:40. There was no improvement until Mweka."

Daktari akipewa karatasi hii haulizi swali la ziada. Ile ya kwanza ingemfanya aulize kama mgeni alipoteza kitu, na alikipotezea wapi.

Namna ya kujifunza: daftari dogo la mfukoni, ukurasa ukiwa na safu nne, yaani kitenzi au kivumishi, mtu, tendo au hali, na kihusishi. Maneno 5 kwa siku yanatosha, ukizidisha hayakai. Chukueni "apply": mtu ni "applicant", tendo ni "application", kihusishi ni "for" kwa kazi unayoomba na "to" kwa kampuni unayoiomba. Kamusi nzuri inaonyesha ndugu wote wa neno mahali pamoja, na alama ndogo ya mstari wima mbele ya silabi inakuambia mkazo unaangukia wapi. Safu ikibaki tupu msiijaze kwa kubuni. Tupu ni jibu pia, kama "guide" isivyo na mtenda mwingine zaidi yake yenyewe.

Karatasi mlizopewa zina vitenzi 8 na vivumishi 4. Anzeni na "enter", maana ina nomino mbili za tendo na mahali na zote mnaziona getini kila safari: moja ipo kwenye kibao cha marufuku, "no entry", nyingine ni mlango wenyewe, "entrance". Mtu wake ni nani, tafuteni. Mna robo saa. Asiye na kalamu aombe pale mapokezi.